Nywele ya "naturele": tusidanganyane

Katika mikutano ya chama chetu, kila mara tukifika ku habari ya mila na wanawake, kuna mzee mmoja anasimama. Mwaka huu ni huyu, mwaka ujao ni mwingine, lakini maneno ni yale yale. Anasema binti zetu wametupa nywele za Mungu na kuvaa nywele za Wachina. Anasema bankambo walikuwa na nywele safi, vile walivyozaliwa. Watu wanapiga makofi. Mara ya mwisho binti mmoja, mwanafunzi wa iniversite, alijibu kutoka kiti cha nyuma: "Baba, hii yangu ni naturele." Alikuwa amesukwa rasta nyembamba za kufika kiunoni, na meshi ndani yake si chini ya pakiti tano. Watu wakacheka, mzee akakaa chini, na sisi tukarudi nyumbani na neno moyoni.

Neno lenyewe ni hili: tunaona wote wawili walikosea, na kosa lao ni moja. Mzee anaamini kwamba zamani kulikuwa na kichwa cha naturele. Binti anaamini kwamba leo kinapatikana kwa kununua. Na kabla hamjatuuliza sisi ni nani: tunaoandika ni watano, wanaume wawili na wanawake watatu, na wawili kati yetu wana meshi kichwani saa hii. Hatuna ugomvi na meshi. Ugomvi wetu ni na hiyo "naturele".

Tuanze na mzee, juu yeye njo anapigiwa makofi.

Mzee wetu, siku moja ukikutana na sanamu ya Waluba, usiangalie uso. Izunguke, uangalie kisogo. Viti vya wafalme vinavyobebwa na mwanamke, fimbo za ukubwa, mito ya mti ya kulalia: mara nyingi mchongaji alimaliza nguvu zake nyuma ya kichwa. Nywele zimegawanywa mafungu manne yanayokutana kama msalaba, ao zinashuka ngazi kwa ngazi pande mbili za kichwa. Kule kwa Washankadi, mu karne ya 19, alikuwako fundi mmoja ambaye jina lake limepotea. Wataalamu wa sanaa wanamwita tu Fundi wa Nywele za Maporomoko, kwa sababu ya vichwa alivyochonga. Nywele za namna hiyo haziote zenyewe. Zilitandikwa juu ya fremu ya fito nyembamba, na waandishi wanahesabu karibu saa 50 za kazi kwa kichwa kimoja. Kisha mwenyewe alizivaa miezi miwili ao mitatu. Njo kazi ya ule mto wa mti: unalaza shingo juu yake, kichwa hakigusi mkeka, ngazi hazivunjike. Tunauliza: mtu wa nywele za naturele anahitaji mto wa mti kwa nini?

Luteni Cameron wa Uingereza, aliyekatiza bara kwa miguu kutoka Bagamoyo mupaka pwani ya Angola kati ya mwaka 1873 na 1875, alipita mu inchi ya Waluba na kushangaa vichwa. Wasafiri wa nyakati zile wakawapanga Waluba jina la watu wa vichwa vilivyopambwa. Mmisionari William Burton, aliyefika Mwanza mwaka 1915 (Mwanza ya kwetu, ile ya Haut-Lomami, si ya Tanzania), alikaa huko miaka zaidi ya 40 akipiga picha, na nywele zimo. Mwenye shaka azitafute. Na ndani ya nywele hizo walichomeka pini za chuma zilizofuliwa kwa umbo la fuawe, lile chuma ambalo mhunzi anapigia kazi yake. Uhunzi kwa Waluba ulikuwa jambo la wafalme. Kwa hiyo mtu alitembea na alama ya mhunzi juu ya kichwa, mbele ya watu wote, ili kila mtu ajue: hapa kuna kazi, hapa kuna mkono wa mtu.

Mzee atasema: sawa, lakini hawakuongeza nywele ya mtu mwingine. Mu Katanga hatutabishana naye. Lakini apande mupaka kaskazini ya inchi yetu, kwa Wamangbetu. Georg Schweinfurth alifika ku lupango ya mfalme Mbunza mwaka 1870 na kuandika habari za vichwa vyao. Mwanamke alisukwa juu ya fremu iliyofumwa kama kikapu, na pale nywele zake zilipokosa kutosha, ziliongezwa nyuzi na nywele zingine. Picha ya Nobosudru, mke wa chifu Ekibondo, iliyopigwa wakati ile safari ya magari ya Citroën ilipopita mwaka 1925, imezunguka dunia yote. Nani aliwahi kuitazama na kusema mama huyu ametupa mila? Na kusini, Namibia, wasichana wa Wambalantu walirefusha nywele zao kwa magome ya mti yaliyosagwa na kwa mishipa ya nyama mupaka zikaburuza karibu na nchi. Hizo ni meshi, mzee. Tofauti ni kwamba hazikutoka kiwandani.

Tuna sababu nyingine ya kuogopa makofi yale. Sisi wenye umri tunakumbuka otantisite. Mwaka 1971 inchi ikaitwa Zaïre, mwaka 1972 majina ya Kikristo yakakatazwa, na mu mkumbo huo wanawake wakakatazwa peruki, suruali, sketi fupi na dawa za kung'arisha ngozi. Wanaume walivaa abacost, koti ambayo hakuna nkambo hata mmoja aliyeijua, na wakiwa ndani ya abacost hiyo wakawafundisha wanawake otantike ni nini. Mama mmoja kati yetu alificha peruki yake mu sufuria ya juu ya kabati mupaka ikaliwa na panya. Anacheka akisimulia, lakini anasema pia: "Hakuna mwenye kutuulizaka. Baliamka tu asubuhi, bikakatazwa." Hatutaki chama cha utamaduni kifanye kazi ile ile mara ya pili, hata kwa makofi tu. (Wapasta tunawaacha kando. Wao wana mstari wao wa Timoteo, na wake zao wengi wana peruki.)

Sasa tugeuke kwa binti, na hapa tutakaa muda mrefu kidogo, juu habari ni tamu.

Mwenye kutaka kujua namna inavyofanyika, aende Jumamosi asubuhi mu komini ya Kenya ao Katuba, pembeni ya soko, pale mama wa kusuka ameweka parasoli, viti viwili vya plastiki na kioo kilichopasuka pembe. Zamani si sana, meshi ilifungwa ku mzizi kwa fundo. Fundo lilionekana, dogo kama punje ya ulezi, na kichwa kilikuwa na mistari ya mafundo kama shamba. Leo wateja hawalitaki tena. Wanasema: "Yaya, unisukie ya kuonekana sawa nyele yangu." Basi mama anaanza na nywele za mteja peke yake, mikunjo mitatu ao mine, halafu anaingiza uzi mwembamba wa meshi, tena mwingine mnene kidogo, tena mwingine, mupaka rasta inajaa bila wewe kuona mahali ambapo mtu ameisha na plastiki imeanza. Kabla ya hapo alikwisha kuivuta pakiti kwa vidole ili ncha zisilingane, juu ncha zilizokatwa sawa zinafanana na ufagio. Alikwisha kuchagua rangi pia: namba 1 ni nyeusi ya makaa, inajisema yenyewe kutoka mbali, 1B ni nyeusi iliyopoa kidogo, njo ya kudanganya. Mwenye akili alikwisha kuosha meshi kwa maji na siki na kuianika, juu ina dawa ya kiwandani inayowasha kichwa. Mwisho anatumbukiza ncha mu maji ya moto ili zisifunguke. Zamani walichoma kwa kiberiti, na harufu yake tunaijua wote.

Kichwa kimoja kinaweza kumeza siku nzima kwa mikono miwili. Wakisaidiana watatu, mmoja kulia, mmoja kushoto, mtoto wa kike nyuma anajifunza, wanamaliza jua likiwa bado juu. Tumekaa hapo tukiangalia vidole, na tunasema bila haya: huu ni ufundi wa ukoo mmoja na ule wa saa 50. Fremu ya fito imekwenda, vidole vimebaki.

Halafu kazi inaisha, mteja anajitazama mu kioo, na sifa kubwa anayoweza kutoa ni ipi? "Haionekane." Siku nzima ya kazi, na sifa yake ni kwamba haionekani! Mwanamke wa Kiluba alichomeka fuawe la chuma kichwani ili kazi ionekane. Binti wa leo analipa ili kazi ifichwe. Hapo njo tunaona mila imevunjika, plastiki haikuivunja. Tena malipo yanafuata sifa. Kazi isiyoonekana inalipwa kama kitu kisichokuwako. Tumeona mara nyingi: mteja analipa pakiti za meshi dukani bila kusema neno, juu bei imeandikwa, halafu anabishana nusu saa juu ya franga ya mkono. "Mama, punguza, ni nyele tu." Angalia vizuri: akiwa anajisifu kwa marafiki, nywele ni zake. Akiwa analipa, ni nywele tu.

Na hiyo naturele inatoka wapi? Meshi nyingi za kusukia ni plastiki. Ile inayoitwa Kanekaloni inatengenezwa na kampuni ya Kijapani Kaneka tangu mwaka 1957. Peruki na nywele za watu zinatoka kwa wingi mji wa Xuchang, mu jimbo la Henan, China. Nywele za watu zenyewe zinakusanywa India, na nyingine ni za mahujaji wa hekalu la Tirumala, wanaonyolewa kwa nadhiri, na hekalu linaziuza kwa mnada. Mtu amempa mungu wake nywele, sisi tunazivaa ku ndoa ya Rwashi na kuziita "Brésil". Nyingi hazijaiona Brésil hata kwa ndege. Zinafika kwetu kwa barabara ya Kasumbalesa, zikipishana na magari yaliyobeba shaba yetu. Sisi hatukatai biashara; mji huu tangu mwaka 1910 unaishi kwa vitu vinavyopita. Tunakataa tu kwamba kitu kilichosafiri mbali hivyo kiitwe naturele, na nywele fupi iliyoota Katuba iitwe "haijatengenezwa".

Mwezi wa pili wa mwaka 2025 shirika la Marekani, Consumer Reports, lilitangaza kwamba limepima aina 10 za meshi ya kusukia zinazouzwa sana. Zote 10 zilikutwa na kemikali za kuleta kansa, na 9 zilikuwa na plombi. Mu mji wetu, ambamo wachunguzi walitangaza mwaka 2009 kwamba walikuta kobalti mingi mu mikojo ya watu wa Katanga, mtu angetazamia kelele. Hatukusikia kelele. Wazee waliendelea kulalamika juu ya Wachina, binti waliendelea kulinganisha 1 na 1B.

Tufike ku jambo ambalo linatuuma zaidi, na hapa hatumshitaki mtu wa nje.

Noeli na Bonane zikikaribia, watoto wote wa mji wanasukwa. Mtoto wa miaka sita anakaa kati ya magoti ya mama wa kusuka, amelia mupaka amechoka, na mama yake anamwambia: "Vumilia, utapendeza." Mmoja wetu alimpeleka binti yake ku saloni fulani, akaagiza rasta ndogo ndogo za kuonekana naturele, paji la uso wazi, vinywele vya utoto vyote vimevutwa ndani. Siku ya tatu vipele vyeupe vikapanda mstari mzima wa mbele. Mtoto hakuweza kulala upande wowote. Mama akampa parasetamoli, akamwacha nazo juu ya franga iliyotoka na juu ya picha za Bonane. Zilipofunguliwa, vinywele vya mbele vilitoka na meshi pamoja na mizizi yao. Miaka imepita, na pale kwenye panja bado pana uwazi wa kidole. Tulimlaumu mama wa saloni sana. Lakini yeye alifanya lile aliloagizwa.

Waganga wanaita ugonjwa huo alopesi ya kuvuta. Mwaka 1907 uliandikwa juu ya wanawake wa Grinlandi waliofunga nywele zao kwa nguvu juu ya kichwa, watu wasioijua meshi wala jua letu. Kumbe shida haitoki ku nywele ya Mwafrika. Inatoka ku kuvuta. Cape Town, uchunguzi uliotolewa mwaka 2007 ulikuta ugonjwa huo kwa karibu mwanamke 1 kwa kila 3, na kwa wasichana wa shule karibu 17 kwa 100. Hapa kwetu inatosha kukaa kanisani kiti cha nyuma na kuhesabu mapaji yaliyopanda. Wanaoyaficha wanayafichaje? Kwa meshi nyingine, iliyofungwa karibu zaidi na mbele, ili ionekane naturele.

Tuwe wa haki: ile namna mpya, ya kuanza na nywele za mwenyewe bila fundo, ikiwa imefanywa na mkono mzuri inapunguza uzito ku mzizi. Mama wa kusuka mwenye ujuzi anakuambia mwenyewe: rasta ikiuma, imevutwa kupita kiasi, ifunguliwe leo, usingoje kesho. Anakuambia mtoto asipewe meshi nzito, anakuambia usikae nazo kupita miezi miwili, mitatu kwa wingi. Lakini ni nani anamsikiliza? Mteja amekuja na picha mu telefone. Anataka ile ya picha, na kwenye picha hakuna mkono wa mtu.

Kwa hiyo tunayoyataka ni machache, na tunayasema kwa chama chetu kwanza. Mzee aache kutuambia habari za kichwa ambacho hakikuwako. Kama anapenda bankambo, atuletee kazi yao: nani alisuka, wapi, kwa siku ngapi, kwa malipo gani, kuku ao shoka ao jembe, na mtindo gani ulikuwa wa mjane, upi wa binti, upi wa mke wa chifu. Binti aseme wazi: nimeongeza, nimesukwa na mama fulani wa Katuba, ameshinda siku nzima. Aseme hivyo ku ndoa, mbele ya wenzake, na aulize bei ya mkono kabla ya bei ya pakiti. Walimu wa masomo yanayokataza meshi, na ni mengi mu mji huu, wasiseme "ni juu ya mila yetu". Waseme ni juu ya usafi ao ni juu ya franga za wazazi, na hapo tutazungumza.

Na ku mkutano ujao tumeomba kamati iwaite mama watatu wa kusuka, walipwe siku yao ya kazi, wakae mbele pale wanapokaa wanenaji. Kamati imejibu kwamba itaangalia. Wakati inaangalia, mmoja wetu ameanza kuzunguka Katuba na Kamalondo na kalamu, akiwauliza wamama waliozaliwa kabla ya Uhuru majina ya mitindo waliyosukwa wakiwa wasichana kijijini. Mama mmoja alimtajia mitindo minne akionyesha kwa vidole juu ya kichwa cha mjukuu wake, ambaye alikuwa na meshi. Wa tano aliuonyesha wote, kutoka paji mupaka kisogo, lakini jina lake lilimpotea. Tumeuchora mu daftari bila jina. Mwenye nkambo anayelijua, amuulize mwezi huu.